Kompyuta ya zamani nataka iwe seva ya mafaili ya ofisi, niweke OS gani?

jamvi_la_kazi:

Wakuu salama? Naombeni mawazo yenu kabla sijaanza kufuta vitu. Nimepata kompyuta ya mezani iliyokuwa imekaa tu stoo, ni i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 8, ina SSD ndogo ya GB 120 na nimeongeza diski mbili mpya za TB 4 kila moja. Nataka iwe sehemu moja ya kuwekea mafaili ya ofisi. Tupo sita, wanne wana Windows 11, mmoja ana Mac na mimi niko Linux. Mafaili yenyewe ya kawaida, Word, Excel, PDF za kuskani, picha nyingi na video kidogo za mafunzo. Kwa sasa kila mtu ana kopi yake, tunarushiana kwa flashi na WhatsApp, ukiuliza mkataba upi ndio wa mwisho unaletewa mitatu, mmoja umeandikwa "final", wa pili "final2", wa tatu "final kabisa".

Nimesoma mpaka nimechoka. Huyu anasema TrueNAS, yule OpenMediaVault (OMV), mwingine Unraid, mwingine anasema achana na hizo zote weka Debian, Linux ya kawaida, na Samba, programu ya kugawa mafaili, yaishe, na kuna mwenzetu hapa ofisini ananiuliza kwani ukiiacha na Windows yake hiyohiyo ukabonyeza share kuna ubaya gani. Sasa OS ipi inaifaa mashine hii? RAM 8 inatosha au ZFS, ule mfumo wa kuhifadhi mafaili wa TrueNAS, itanitoa jasho? Na Mac itakubali bila usumbufu? Komandi mimi siziogopi sana, ila nikiwa likizo wenzangu hawatagusa ile skrini nyeusi hata uwalipe.

---

MamaSeva:

Kuhusu Mac lala usingizi. Apple walishahamia SMB, ileile lugha ya Windows ya kushea mafaili, kama njia yao kuu ya kushea mafaili tangu OS X Mavericks ya 2013, ile AFP yao ya zamani wameipa kisogo. Na huko kote ulikotaja, ukiitoa Windows, anayegawa mafaili ni mmoja tu, Samba. Fungua TrueNAS utaikuta Samba, fungua OMV utaikuta, Unraid hivyohivyo, na huyo wa Debian ndio kabisa anaiandika kwa mkono. Kwa hiyo watu wanaobishana ipi ina spidi zaidi kwa ofisi ya watu sita wanapoteza muda wao, waya wako wa mtandao utajaa kabla hata hujaona tofauti.

Tofauti zipo sehemu mbili. Moja, mafaili yanaandikwaje kwenye diski. Pili, siku diski imekufa na wewe haupo, aliyebaki ofisini atabonyeza nini. Chagua kwa kuangalia hiyo siku, usichague kwa kuangalia picha za dashibodi.

Unraid nzuri ila sio ya kesi yako. Ubora wake ni kuchanganya diski za ukubwa tofauti, una TB 2 hapa, TB 6 pale, TB 8 kule, mradi ile ya pariti (inayosaidia kurudisha data ya diski iliyokufa) isiwe ndogo kuliko kubwa ya data. Wewe diski zako zinalingana, hiyo faida hauitumii. Afu ni ya kulipia leseni, na kwa kawaida leseni imefungwa kwenye flashi inayowashia mashine, kwa hiyo hiyo flashi nayo unaitunza.

OMV ni Debian iliyovalishwa ukurasa wa wavuti wa kuiendeshea. Nyepesi sana, inakaa hata kwenye Raspberry Pi, mashine yako haitahema. Ukiichagua hautajuta. Cha kwanza badilisha paswedi ya kuingilia, maana ile inayokuja nayo dunia nzima inaijua.

TrueNAS ndio ningeiweka mimi. Ila angalia usije ukashusha ile CORE, ile iliyojengwa juu ya FreeBSD. Kazi yote mpya imehamia kwenye ile ya Linux, iliyoitwa SCALE, sasa hivi inaitwa Community Edition. Kima cha chini ni RAM GB 8, unayo. Itachukua SSD yako yote ya GB 120 kwa ajili ya mfumo tu, usiilalamikie, ndivyo ilivyo.

---

debiani_tu:

Mkuu mimi nipo upande wa Debian na sibanduki, sababu ni moja, ukiijua hakuna kitu kitakachokuficha, hizi nyingine apudeti ikikorofisha unabaki unaangalia kitufe kimekuwa cha kijivu haujui nyuma yake kuna nini. Unainstoli Debian bila mazingira ya picha, unaweka diski mbili kwenye mira (kila kitu kinaandikwa kwenye zote mbili) kwa mdadm, programu ya Linux ya kuunganisha diski, ext4 juu yake, unaita apt install samba, halafu kwenye smb.conf, faili la setingi za Samba, unamalizia hivi:

```
[ofisi]
   path = /srv/ofisi
   valid users = @ofisi
   read only = no
   force group = ofisi
   create mask = 0660
   directory mask = 0770
   force directory mode = 2770
   vfs objects = catia fruit streams_xattr recycle
   recycle:repository = .taka
   recycle:keeptree = yes
```

Hiyo mistari ya force group na ile 2770 ndio inayozuia ule ugonjwa wa kila siku, fulani ametengeneza folda halafu wenzake hawawezi kuandika ndani yake. Namba 2 ya mbele inafanya kila kitu kinachozaliwa ndani ya folda kirithi grupu la folda. Fruit ni kwa ajili ya Mac, bila hiyo atakujazia vijifaili vinavyoanza na nukta na chini-mstari kila kona. Recycle ni pipa, mtu akifuta faili linaenda .taka badala ya kupotea moja kwa moja, litakuokoa wiki ya kwanza tu.

Halafu kila mtu umuongeze kwa useradd na UMRUDIE tena kwa smbpasswd -a, Samba ina daftari lake la paswedi, haisomi lile la Linux, hapa ndipo wengi wanakesha. Ukimaliza piga testparm ikuambie kama umeandika upuuzi.

Na faida ambayo watu hawaisemi, siku ubao mama umekufa unachomoa diski moja tu unaichomeka kwenye kompyuta yoyote yenye Linux, mafaili hayo hapo.

---

pole_pole:

debiani_tu, hilo la kuchomoa diski hata ZFS inafanya. Kompyuta yoyote ya Linux yenye ZFS unaandika zpool import na bwawa lako (pool, yaani diski zako zikiwa kitu kimoja) linakuja na kila kitu chake.

Ila mimi nataka nizungumzie mira ya mdadm kwa sababu ndipo kwenye nyama. Diski hazifi zote kwa kelele. Kuna kifo cha kimya, biti imegeuka mahali, diski yenyewe inakupa data na kusema iko sawa kumbe sio. Mira ya mdadm ina kopi mbili na ukiiambia ikague itakuambia kuna sehemu hazifanani, lakini haijui ipi ndio ya kweli. Ni mashahidi wawili wanapingana na hakimu hana hata karatasi moja ya ushahidi. ZFS kila bloku imeandikiwa cheksamu yake, namba ya kuihakiki, na cheksamu hiyo haikai pamoja na bloku, inakaa kwa mzazi wake. Ikisoma kopi ya diski A ikakuta cheksamu haikubali, inaenda diski B, inasoma, inakubali, inakupa wewe faili zima na kumrekebisha A palepale. Mtumiaji wala hajui. Unachotakiwa ni kuiwekea skrabu mara moja kwa mwezi ipite data yote hata ile ambayo hakuna mtu ameifungua miaka. PDF za kuskani za ofisi ndio hizohizo, zinakaa miaka mingi, siku zikihitajika zinahitajika kweli.

RAM: ile hesabu ya GB 1 kwa kila TB 1 imekuwa kama hadithi za wahenga, kwa kushea mafaili tu GB 8 inatembea vizuri. ZFS itaonekana imekula RAM karibu yote, usishtuke, inaitumia kama kache na ikihitajika kwingine inaiachia. Kinachokula RAM kwelikweli ni kudidupu, yaani kuunganisha data inayojirudia, kitufe cha deduplication, USIKIGUSE. Ukandamizaji wa lz4 uache ukiwa umewashwa, haugharimu kitu. Usiongeze makontena na mashine pepe humo ndani, hapo ndipo GB 8 itaisha.

Afu kuna kitu haujasema. Diski zako ni CMR au SMR, zile njia mbili za diski kuandika data?

---

kaka_rauta:

Huyo mwenzenu wa ofisini msimcheke jamani. Watu wawili watatu, Windows inashea vizuri tu na hakuna cha kujifunza. Shida zinaanza baadaye. Leseni ya Windows ya kawaida inaruhusu vifaa visivyozidi 20 kuunganika kwa wakati mmoja, ninyi sita na printa haina neno, ila mkikua mtagonga ukuta. Apudeti zinajiwasha zenyewe zikaizima mashine mchana mtu ana Excel wazi. Na kompyuta ya i5 kizazi cha nne haipo kwenye orodha ya Windows 11, ina maana unabaki na Windows 10 ambayo msaada wake wa kawaida uliisha Oktoba 2025. Mashine inayobeba mafaili ya kila mtu isiyopata tena viraka vya usalama, hapana kwa kweli.

Kwa kuongezea tu, chochote utakachoweka, SMB1 ibaki imezimwa. WannaCry ya Mei 2017 ilisambaa kwa kupitia tundu lililokuwa kwenye SMB1. Kuna vile viprinta na viskana vya zamani vinavyoidai, mtu anaiwasha kwa ajili ya skana moja. Na usifungue poti 445, mlango wa SMB, kwenye rauta eti ili mtu asome mafaili akiwa nyumbani. Anayetaka kutokea nje aingie kwa VPN, WireGuard inatosha.

---

jamvi_la_kazi:

Dah asanteni, nimejifunza zaidi ya wiki nzima ya kusoma mwenyewe. @pole_pole nimetafuta namba ya modeli ya diski kwenye kurasa za mtengenezaji, ni CMR. Kwa nini uliuliza?

Na jingine, mimi wa Linux si bora nifunguliwe NFS, ile njia nyingine ya kushea mafaili? Naona wanasema ndio ya asili kwetu.

---

pole_pole:

Afadhali. SMR inapanga nyuzi za data zikipandiana kama vigae ili ijaze zaidi, kuandika mfululizo inaenda vizuri ila kuandika hapa na pale inachoka mpaka inakaribia kusimama. Sasa siku ukibadilisha diski iliyokufa, ZFS inaijenga upya ile mpya kwa kuandika masaa mengi bila kupumua, SMR inaweza kuchelewa mpaka mfumo ukaihesabu nayo ni mbovu ukaitupa nje. Na hapo ndipo umebaki na kopi moja tu. Kwa hiyo umepona.

Muhimu kuliko yote lakini, mira SIO bekapu. Mtu akifuta folda limefutika kwenye diski zote mbili kwa sekunde ileile. Mira inakulinda na diski kufa, basi. Binadamu, mwizi, moto na radi haina habari nazo. Tafuta diski ya nje ya TB 4 au zaidi, mafaili yakopiwe huko, halafu diski hiyo ichomolewe na ikae jengo lingine.

---

MamaSeva:

NFS achana nayo kwa hapo. Ni ya zamani na ya heshima, Sun Microsystems waliileta 1984, na kwa seva mbili za Linux zinazoongea zenyewe bado ndio chaguo langu. Lakini kwa mpangilio wa kawaida inaamini namba ya yuza inayoletwa na kompyuta ya mteja, ukiwa na uid 1000 kwenye laptopu yako na mwenzako naye ni 1000 kwa seva mko mtu mmoja. Na kushea folda lilelile kwa SMB kwa wengine na NFS kwako ni kutafuta ugomvi wa kufuli za mafaili, wewe umefungua Excel huku mwenzako naye kaifungua huku wote mnaandika. Tumia SMB kama wenzako. Kwenye fstab yako, lile faili la vitu vya kuunganishwa Linux ikiwaka, weka:

```
//192.168.1.20/ofisi /mnt/ofisi cifs credentials=/root/.smbofisi,uid=1000,gid=1000,vers=3.0,_netdev,nofail 0 0
```

Hiyo nofail usiiache, bila hiyo siku seva imezimwa laptopu yako nayo itakaa inaisubiri wakati wa kuwaka. Na anwani ya seva ifunge kwenye rauta isibadilike.

Hilo la kufuli ndilo litakaloua "final kabisa" yenu. Mkataba ukiwa sehemu moja, wa pili akiufungua Word inamwambia fulani ameushika, unataka kusoma tu au usubiri? Watalalamika mwanzoni. Waache walalamike.

---

pole_pole:

Naomba niongeze sababu yangu kubwa ya kupenda TrueNAS kwa ofisi, ni snapshoti. ZFS haiandiki juu ya data ya zamani, inaandika pembeni halafu inahamisha kielekezi, kwa hiyo kupiga picha ya hali ya folda zima kwa wakati fulani ni sekunde na haili nafasi mpaka vitu vianze kubadilika. Unaipangia ipige kila saa na zihifadhiwe wiki mbili, za kila siku zikae miezi kadhaa. Wa Windows anabonyeza kulia kwenye folda, anaenda Previous Versions, anachagua jana saa nne, anarudisha faili lake mwenyewe. Haikupigii simu ukiwa likizo.

Sehemu moja niliyowahi kuhudumia, laptopu ya mhasibu iliingiwa na ransomware, virusi vinavyofunga mafaili na kudai pesa, ikaanza kufunga mafaili yake na yale ya kwenye seva kwa sababu kwa seva yeye ni mtu halali mwenye ruhusa ya kuandika. Mafaili yote yakawa na mkia mpya wa ajabu. Tulichomoa laptopu kwenye waya, tukarudisha dataseti (fungu la mafaili ndani ya bwawa) kwenye snapshoti ya saa moja kabla, watu wakaendelea na kazi. Ransomware ile haikuweza kugusa snapshoti kwa sababu kwa mteja wa SMB ni za kusoma tu, kuzifuta lazima uingie kama admin wa seva yenyewe. Sasa hapo ndio ujue kwa nini paswedi ya admin haitakiwi kukaa kwenye kompyuta ya mtu yeyote ofisini.

---

debiani_tu:

Snapshoti Debian nayo inazo, unaweka ZFS au Btrfs, unaunganisha na shadow_copy2 ya Samba, Previous Versions inatokea vilevile. Ila nakubali, ni kazi ya mikono na amesema wenzake hawagusi skrini nyeusi. Basi aende TrueNAS, mimi nimenyoosha mikono kwa kesi hii tu, msinizoee.

---

jamvi_la_kazi:

Hahaha haya mkuu. Nimeamua TrueNAS. Nimeinstoli kwenye SSD, nimetengeneza mira ya diski mbili, inaniambia nina kama TiB 3.6. Nimeweka dataseti, nimewaongeza watu, imekubali Windows na Mac. Ila nimekopi folda la video la GB 10 kutoka kwenye laptopu ya Windows inaenda MB 11 kwa sekunde tu, imekaa robo saa! Ni RAM ndogo? Au lile swala la diski?

---

nyuzi_nane:

Diski zako hazina kosa na RAM haina kosa. MB 11 kwa sekunde ni namba inayojitaja yenyewe, ni mtandao wa megabiti 100. Gigabiti ingekupa kama MB 110, hilo folda lingepita kwa dakika moja na nusu hivi.

Angalia taa ya poti kwenye swichi, nyingi zinabadilisha rangi ya taa kwa 100 na 1000. Kwenye TrueNAS fungua sehemu ya mtandao usome spidi ya linki. Kama swichi na kadi zote ni za gigabiti basi ni kebo. Megabiti 100 inatumia jozi mbili tu za nyaya, pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inazitaka jozi zote nne. Waya mmoja ukiwa haujakaa kwenye kichwa cha RJ45, mtandao haukatiki, unashuka kimyakimya kwenye 100 na kila mtu anafikiri mambo yako sawa. Kebo zilizokandamizwa kwa mkono ndio tabia yake. Chukua kebo nyingine ya kiwandani, Cat 5e inatosha, chomeka uone.

Kopi ya mafaili madogo elfu kumi itakuwa ya polepole hata kwa gigabiti, usije ukarudi hapa, kila faili lina mazungumzo yake ya kufungua na kufunga.

---

jamvi_la_kazi:

Weee! Nimebadili kebo iliyotoka kwenye swichi kwenda kwa seva, sasa inapiga 109 mpaka 112. Ile ya mwanzo nimeikata vichwa vyote nivikandamize upya, kweli waya wa kahawia ulikuwa haujafika mwisho.

Limebaki moja. Windows ya mwenzangu mmoja inakataa kabisa, nikiandika jina lake na paswedi inaleta kosa 1219, wenzake wote wanaingia. Jana alikuwa anaingia kwa yuza wangu nilipokuwa najaribu.

---

kaka_rauta:

Umejijibu kwenye sentensi ya mwisho. Windows hairuhusu kompyuta moja iingie kwenye seva ileile kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Bado imeshikilia ile ya kwako ya jana. Fungua komandi kwa yuza wake, andika:

```
net use * /delete
```

Ikubalie, halafu nenda Credential Manager ufute kilichohifadhiwa chenye anwani ya seva, mtoe na aingie tena kwenye Windows, ndipo aunganishe kwa jina lake. Na ile paswedi yako uibadilishe, maana mashine yake ilikuwa imeihifadhi.

Halafu usijaribu njia ya mkato ya kufungua kama mgeni asiye na paswedi. Windows 11 Pro kuanzia 24H2 inadai saini kwenye kila muunganiko wa SMB, na mgeni hana cha kusainia, itakataa tu.

---

MamaSeva:

Vitu vidogo kabla watu hawajaanza kujaza. Usishee dataseti ya juu kabisa ya bwawa, tengeneza moja kwa uhasibu, moja kwa mafunzo, moja kwa mambo ya wote, na wakati wa kuitengeneza uchague ile ya SMB ili ruhusa zikae kwa mtindo Windows inaouelewa. Ukiweka folda tu ndani ya dataseti moja hautaweza baadaye kuzipa snapshoti na kikomo cha nafasi tofauti. Ruhusa zitoe kwa grupu, sio kwa mtu mmoja mmoja, mtu akiondoka unamtoa kwenye grupu imekwisha.

Weka barua pepe yako kwenye setingi za tahadhari na uijaribu mpaka uone imefika, maana mira yenye diski moja iliyokufa inafanya kazi kama kawaida na hakuna atakayejua mpaka ya pili nayo iende. UPS ukiwa nayo chomeka waya wake wa USB kwenye seva, TrueNAS ina kipengele cha kuisikiliza na kujizima vizuri betri ikikaribia kuisha, na kwenye BIOS uweke iwake yenyewe umeme ukirudi.

Namba za utambulisho za diski, yaani seriali, ziandike kwa markapeni kwenye karatasi ubandike mbele ya kasha, ya juu ni ipi na ya chini ni ipi. TrueNAS ikisema diski fulani imekufa itakutajia seriali, na aliyebaki ofisini asije akachomoa ile nzima.

---

jamvi_la_kazi:

Imekubali, kosa 1219 limeisha. Seriali nimebandika. Barua pepe ya majaribio imeingia kwenye spamu, naitoa huko sasa hivi.